Shukuru Kabla ya Jibu

Somo: Wafilipi 4:10-20

Paulo alikuwa kifungoni alipoutunga waraka huu, na kesi yake ilikuwa haijaamuliwa. Katika sura ya kwanza anawaeleza Wafilipi bila kuficha kwamba mbele yake kuna kuishi na kuna kufa, na hukumu bado haijatoka. Katikati ya kungoja huko, mtu huyu anawashukuru wenzake kwa msaada walioutuma kwa mkono wa Epafrodito. Hakusema, ngoja kwanza tuone kesi itaishia wapi. Hakusema, nikiachiwa nitawaandikia. Alishukuru akiwa bado na minyororo, na jibu likiwa bado kwa wakubwa.

Nawaandikia ninyi mliotoka kwenye usaili juzi, jana, leo asubuhi. Ninyi mnaolala na simu chini ya mto. Ninyi mnaofungua tovuti ya Sekretarieti ya Ajira asubuhi, mchana na usiku kutazama kama tangazo la kuitwa kazini limetoka. Ninyi mnaoacha sahani ya ugali na kukimbilia namba ngeni inayoita, kumbe ni mtu aliyekosea namba. Najua mnapokaa siku hizi ni mahali pagumu, na mtu akikaa mahali pagumu moyo wake hujikunja, asimwone mwingine ila nafsi yake. Ndiyo maana nasema nanyi sasa. Jibu likishafika, neno hili litakuwa limechelewa.

Andika barua ya shukrani. Iandike mapema. Waandikie waliokusaili, uwaambie ahsante kwa kukuita, ahsante kwa kukusikiliza, ahsante kwa muda waliokupa. Usingoje kujua kama umepata.

Naisikia hasira yako unaposoma maneno haya. "Niwashukuru kwa lipi? Tangazo lenyewe lilisema kila msailiwa atajigharimia chakula, usafiri na malazi. Nimekopa nauli. Nimekaa ndani ya basi siku nzima kutoka Songea hadi Dodoma, nikalala kwa mtu sebuleni, nikaamka alfajiri kupanga foleni na bahasha ya vyeti halisi kifuani. Tukafanya mtihani wa mchujo, wengi wakaanguka. Nikapita. Nikaingia kwenye mahojiano, nikaulizwa maswali kwa dakika chache, nikaambiwa nitajulishwa. Wao ndio wanaopaswa kunishukuru mimi!"

Sikatai hata neno moja. Taabu hiyo ni ya kweli, na sina mahubiri ya kuifuta. Lakini tazama kile Paulo anachofanya. Hawashukuru Wafilipi kwa sababu dunia imemtendea haki. Dunia imemtia pingu. Anawashukuru kwa kitu kimoja kinachoonekana: alipokuwa katika dhiki, wao walishiriki naye. Basi, acha kwanza nauli na foleni, utafute kitu hicho kimoja katika siku yako. Watu watatu au wanne waliweka kando mafaili yao, wakasoma jina lako, wakakutazama usoni, wakakuuliza unajua nini na ungefanya nini, kisha wakanyamaza ukijibu. Ni vijana wangapi mtaani kwako ambao mwaka mzima umepita hawajaulizwa na mtu mzima yeyote, "Wewe unafikirije?", mtu huyo akatulia akasikiliza mpaka mwisho? Wanaamrishwa, wanakaripiwa, wanahurumiwa, ila hawaulizwi. Wewe umeulizwa. Umesikilizwa. Hicho tayari ni chako, kimekwisha kuingia mkononi, na hakuna orodha ya majina itakayotoka wiki ijayo iwezayo kukunyang'anya. Cha mkononi ndicho kinachoshukuriwa.

Sasa niseme jambo ambalo huenda hukulitarajia kwa mhubiri. Barua hii haitakupa kazi. Mahali ambapo jopo linafanya kazi kwa haki, kila msaili ana karatasi yake ya alama, na anaijaza wewe ukiwa unafunga mlango. Alama zinajumlishwa, majina yanapangwa. Ahsante yako ya kesho yake haiwezi kuipandisha 62 ikawa 70, wala haipaswi. Ikiipandisha, yule aliyepata 65 kwa jasho lake atakuwa amedhulumiwa, na shukrani yako itakuwa imegeuka wizi. Ni kweli, katika ofisi za watu binafsi, meneja aliyesitasita kati ya wawili walio sawa anaweza kumkumbuka aliyeandika, ni binadamu. Lakini ukiandika kwa ajili ya hilo, hujashukuru. Umeomba mara ya pili kwa sauti nyororo.

Mmehubiriwa mbegu vya kutosha! Toa hiki upate kile. Panda elfu kumi uvune ajira. Mimi sitaigeuza shukrani kuwa mbegu nyingine ya kuwauzia. Paulo amelifunga jambo hilo kwa mkono wake mwenyewe. Anawaambia Wafilipi kwamba hasemi haya kwa kutafuta wamtumie zaidi. Anachotamani ni faida ihesabiwe upande wao. Fikirini jinsi hilo lilivyo gumu kwa mfungwa. Wafilipi ndio kanisa pekee lililoshirikiana naye alipoondoka Makedonia. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kudokeza "msinisahau na mwezi ujao", ni yeye. Hakudokeza. Nawaombeni ninyi pia msidokeze.

Wengine wenu hamna hasira, mna aibu. Mnasema, nitaonekana najipendekeza. Mnasema, hayo ni mambo ya Ulaya, sisi hatuna desturi ya kuwaandikia wakubwa barua za ahsante.

Ya Ulaya? Ni nani basi aliyetufundisha kuvunja kamati? Harusi inapangwa miezi, watu wanakutana kila Jumapili jioni, mweka hazina anafuatilia ahadi za michango mpaka usiku. Siku ya harusi inapita. Je, tunatawanyika? La. Kamati inakutana tena kwa ajili ya kuvunjwa: hesabu inasomwa, chakula kinaliwa, na maharusi wanasimama mbele ya wale wale waliochakarika, wanawashukuru. Na msibani je? Kabla watu hawajaondoka, msemaji wa familia anasimama. Anawataja majirani waliokesha, wauguzi wa wodi, waliotoa turubai na viti, vijana waliochimba kaburi, kwaya, ofisi ya marehemu, akina mama waliokuwa jikoni kwenye moshi. Siku arobaini baadaye familia nyingine inanunua nafasi gazetini chini ya kichwa SHUKRANI, na picha ya marehemu, ili hata aliyekwisha kurudi mkoani kwake apate ahsante yake. Mkutano gani katika nchi hii unafungwa bila mtu kuteuliwa kutoa neno la shukrani kwa mgeni rasmi? Ibada gani ya Jumapili inapita bila mtu kuleta sadaka ya shukrani kwa mtoto aliyezaliwa, kwa mtihani uliofaulu, kwa safari iliyofika salama? Jirani zetu Waislamu nao wamepokea kutoka kwa Mtume wao fundisho kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu.

Sisi ni watu wa kushukuru. Tumezaliwa ndani ya shukrani na tunazikwa ndani ya shukrani. Kwa nini basi shukrani zetu zinaishia kwenye geti la ofisi?

Nimelitafakari swali hili muda mrefu, na jibu ninaloliona ni hili. Ofisi tumeijua kama mahali pa kuomba tu. Shuleni tulifundishwa barua ya kuomba kazi mpaka tukaijua kwa moyo. Anwani upande wa kulia, S.L.P., tarehe. YAH: MAOMBI YA KAZI. "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Wako mtiifu. Tuliifanya zoezi, tuliifanya jaribio, tuliifanya mtihani. Hakuna aliyetuambia kwamba iko barua ya pili. Tumekua tukiamini kuwa mbele ya meza ya mkubwa mtu wa kawaida hana kitu cha kutoa, ana cha kuomba tu, na akishaomba atoke taratibu bila kugeuka nyuma. Huo si unyenyekevu, ndugu zangu. Ni woga tuliorithishwa, na umefika wakati wa kuutupa! Anayeshukuru anarudi kwenye meza ile ile akiwa na kitu mkononi. Anawatazama waliomsaili kama watu, wenye uchovu na wajibu wao, watu wanaoweza kutendewa wema na mtu asiye na cheo.

Kuhusu kujipendekeza, mpaka upo na unaonekana. Anayejipendekeza humsifu mtu kwa yale anayotarajia kutendewa. Anayeshukuru hutaja lililokwisha kutendwa, akaishia hapo. Ukiandika kwamba jopo lile lilikuwa na hekima isiyo kifani na kwamba hujawahi kuona uongozi bora kama huo, futa. Ukiandika kwamba ulishukuru kupewa nafasi ya kurudia jibu lako ulipokwama, usifute, kwa sababu lilitokea.

Sasa tazama mkono wa Paulo unavyoandika, maana hapa tuna mengi ya kujifunza. Hashukuru hewani. Anamtaja Epafrodito aliyeubeba mzigo, na katika sura ya pili ameeleza jinsi mtu huyo alivyougua karibu na kufa kwa ajili ya kazi hiyo. Anakumbuka Thesalonike, kwamba hata alipokuwa kule walimpelekea msaada si mara moja. Jina, mahali, tendo. Ahsante ya jumla haimfikii mtu yeyote; kila mmoja anadhani imeandikiwa mwingine. Kwa hiyo taja nafasi uliyosailiwa. Taja siku. Taja jambo moja lililosemwa ndani ya chumba kile ambalo hukuingia nalo, hilo moja tu, nalo litathibitisha kwamba ulikuwa pale kwa akili yako yote.

Chukulia binti aliyesailiwa kazi ya uuguzi. Barua yake inaweza kuwa hivi:

"Ndugu Mwenyekiti wa Jopo la Usaili, naandika kuwashukuru kwa usaili wa jana wa nafasi ya muuguzi. Mliniuliza ningefanya nini usiku, dawa ya mtoto ikiwa imekwisha na daktari yuko mbali. Nilijibu haraka habari za kutafuta dawa. Njiani nikirudi nimeona kwamba jambo la kwanza lingekuwa kumweleza mama wa mtoto ukweli, asiachwe gizani. Nawashukuru kwa swali hilo na kwa utulivu mlionisikiliza nao. Namshukuru pia katibu muhtasi aliyetupokea. Nawatakia kazi njema ya kumpata anayefaa."

Hesabu ni mara ngapi ameomba. Hakuna. Na usilipite lile neno la mwisho: anawatakia wampate anayefaa, naye hajui kama ni yeye. Mtu anayeweza kuandika sentensi hiyo kwa moyo wake wote amekwisha kuushinda woga wa jibu. Sentensi hiyo ndiyo ngumu kuliko zote. Ukiona mkono unakataa kuiandika, piga magoti kwanza.

Mambo ya utaratibu nitayapita haraka, ila yana uzito wake. Andika kesho yake, ukiwa umelala usiku wa usaili na kutulia. Wiki ikipita, ahsante itaonekana kama ukumbusho. Tumia anwani ile ile iliyokuita. Tumia lugha uliyosailiwa kwayo. Kama mahojiano yalikuwa kwa Kiingereza, andika Kiingereza chako kilicho sahihi na kifupi, kama yalikuwa kwa Kiswahili usijitie ugeni. Kama hujui jina linavyoandikwa, piga mapokezi uulize, na kama ni Daktari au Mhandisi mpe cheo chake, alikisomea. Mwenye duka au karakana aliyekuita kwa ujumbe wa simu, ujumbe wa simu unamtosha. Shule ya kijijini isiyo na barua pepe, andika kwa kalamu kwenye karatasi safi, uiache kwa mwalimu wa zamu. Usitume sauti ya dakika tano usiku. Usinakili ya mwenzako mliyesoma naye, kwa maana jopo likipokea barua sita za namna moja, hakuna aliyeshukuru kati ya sita.

Hapa nainua sauti, kwa sababu pana shimo kando ya njia hii. Shukrani yako iwe maneno, na maneno tu. Usitume vocha. Usipeleke kitenge wala jogoo, wala "ya soda". Usiitafute nyumba ya msaili wala namba yake binafsi. Mwaka 2007 nchi yetu ya Tanzania ilitunga Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, na mwaka huo huo Sheria ya Utumishi wa Umma ikarekebishwa kuunda Sekretarieti ya Ajira, ili kazi za umma zigawiwe kwa ushindani ulio wazi. Mtoto wa mkulima asiye na mjomba wizarani anaingia chumba cha usaili leo kwa sababu uzio huo umejengwa. Usiwe wewe wa kuubomoa kwa jogoo mmoja. Katika usaili wa Sekretarieti, wengi wenu hamtajua hata majina ya waliowasaili, na ni vizuri iwe hivyo. Ahsante yako uliyoitoa kwa mdomo ukiinuka kwenye kiti inatosha. Iliyobaki ipeleke kwa watu nitakaowataja mwishoni.

Na wewe binti yangu, ukituma barua ya heshima kisha mtu akaigeuza kuwa mlango wa kukuita hotelini jioni "tuzungumzie suala lako", jua hakuna kosa lolote ulilofanya kwa kushukuru. Kosa ni lake, na ile sheria ya rushwa ya 2007 inalitaja: ni rushwa ya ngono. Tunza ujumbe wake. Piga 113, namba ya Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa (TAKUKURU), simu hiyo ni ya bure. Mwambie mtu mzima unayemwamini siku hiyo hiyo, na kanisa lisimame nawe. Kanisa linalowafundisha mabinti kushukuru likashindwa kuwalinda wanaposhukuru halina haki ya kushika Biblia.

Sasa tuwaendee wale watu kumi wenye ukoma wa Luka 17. Tumewahubiri wale tisa wasiorudi kushukuru kwa ukali mno, nami nataka leo tuwatendee haki. Walipomlilia Yesu kwa mbali, aliwaagiza nini? Waende wakajionyeshe kwa makuhani. Basi wale tisa walikuwa wanatii! Kwa mujibu wa Walawi sura ya 14, kuhani ndiye aliyemkagua mtu na kumtangaza kuwa safi, na bila tangazo lake mtu asingerudi kwa mkewe, kwa watoto wake, sokoni. Kwa lugha ya siku hizi, walikuwa wanakimbilia cheti. Nani asingekimbia? Umetengwa miaka, ngozi imepona njiani, mbele yako kuna ofisi moja tu kati yako na maisha. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watu wenye haraka.

Mmoja, Msamaria, naye alihitaji tangazo hilo kama wenzake. Alilichelewesha. Aligeuka na kurudi nyuma, akapoteza muda barabarani, akapaza sauti kama alivyoipaza alipokuwa anaomba. Yesu akauliza wale tisa wako wapi. Swali hilo linanitisha, kwa sababu jibu lake ni la heshima kabisa: wako kwenye foleni, Bwana, wanashughulikia vyeti. Vijana wangu, maisha yenu yote sasa ni foleni ya vyeti. Cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha chuo, kitambulisho, nakala zilizogongwa muhuri wa wakili. Siwalaumu. Nawaomba mgeuke kwa muda wa dakika kumi tu, halafu mrudi kwenye foleni.

Na ninyi mnaokaa upande wa pili wa meza, wakurugenzi, maafisa utumishi, wakuu wa shule, wenye kampuni, wazee wa kanisa mnaoajiri wahasibu na madereva: msifikiri mahubiri haya yamewaruka. Mnatoa matangazo yanayosema watakaochaguliwa tu ndio watakaojulishwa. Kwa waliotuma maombi kwa maelfu, naelewa. Lakini huyu mmemwita. Amekuja. Amekaa mbele yenu, mmesikia habari za mama yake na mipango yake. Kisha mnamwacha anyamaziwe mpaka aelewe mwenyewe, kwa uchungu, kwamba ukimya huo ndio jibu. Mnajua anavyoelewa? Anaelewa siku anapomwona mwenzake mtaani amevaa kitambulisho cha ofisi yenu shingoni. Bwana wetu aliagiza ndiyo yetu iwe ndiyo na siyo yetu iwe siyo. Hakutupa njia ya tatu ya kunyamaza.

Wiki tatu za kijana huyo mnazishika mikononi mwenu. Katika wiki hizo amekataa kibarua cha ujenzi kwa sababu mtamwita. Hakwenda shambani na wenzake msimu ulipoanza kwa sababu mtamwita. Sentensi mbili zingemfungua: tunakushukuru kwa kufika, nafasi imepata mtu mwingine. Kompyuta iliyoweza kuwatumia watu arobaini mwaliko kwa mara moja inaweza kuwatumia thelathini na tisa shukrani kwa mara moja. Msiniambie hakuna muda. Semeni hakuna aliyeagizwa kufanya hivyo, na kesho asubuhi mwagizeni mtu. Nasema hivi kwanza kwa taasisi za dini, zenye misalaba ukutani kwenye vyumba vyao vya usaili.

Sasa nije kwako uliyekwisha kupata jibu, na jibu ni hapana. Bado unadaiwa barua fupi kuliko zote: ahsante kwa kunijulisha, nawatakia heri na mtumishi mpya. Hii inauma kuandika. Iandike ukiwa umekwisha kulia, isibebe machozi wala lawama. Usiulize kwa nini aliyechaguliwa ni fulani. Kama unataka kujua ulipopungukia, uliza kwa unyofu, sentensi moja, na wasipojibu usirudie. Kukataliwa katika nafasi moja mara nyingi si kuhukumiwa kuwa hufai. Sekretarieti yenyewe ina kanzidata ya watu waliofaulu usaili lakini nafasi hazikutosha, na wapo waliopangiwa vituo vya kazi kutoka humo walipokuwa wamekwisha kukata tamaa. Lakini hata kama hakuna atakayekuita tena, andika. Paulo hakuwashukuru Wafilipi ili afunguliwe pingu.

Nimebakiza watu wengine, na hawa hakuna kijana hata mmoja asiyeweza kuwafikia. Fungua Warumi sura ya 16. Waraka mzito kuliko nyaraka zote za Paulo, uliojaa mafundisho ambayo wataalamu wanashindana nayo mpaka leo, unamalizika kwa orodha ya majina ya watu, zaidi ya ishirini. Fibi aliyewasaidia wengi. Prisila na Akila walioziweka shingo zao hatarini kwa ajili yake. Mama yake Rufo, ambaye Paulo anasema alikuwa mama kwake pia. Hata Tertio, mwandishi aliyeushika wino, anapata mstari wa kutoa salamu zake.

Nani wako kwenye orodha yako? Tangazo la kazi lilidai wadhamini watatu, nawe ukaandika majina matatu na namba zao za simu. Je, uliwaomba ruhusa? Ulipoitwa, uliwaambia? Mwalimu wako wa chuo alipigiwa simu akiwa darasani, akatoka nje, akakusemea vizuri, nawe tangu siku hiyo kimya. Aliyekukopesha nauli anasubiri, wala hasubiri fedha peke yake. Fundi aliyekushonea suruali kwa haraka akakwambia utalipa ukipata kazi, hajui kama hata ulifika Dodoma. Yule mama aliyekulaza sebuleni kwake, akaamka saa kumi usiku kukuchemshia chai ili usiingie kwenye mtihani na tumbo tupu, huyo ni mama yake Rufo wako, na namba yake imo kwenye simu unayoitazama kila dakika ukingoja namba ngeni. Mpigie. Mwambie, "Mama, shikamoo. Jibu bado halijatoka. Nimepiga kukushukuru kwa ile chai."